Gunia Analolalia Mbwa

Ukifuga mbwa au paka kwa muda mrefu huna haja ya kutafuta ushauri kuhusu viroboto. Unakufuata wenyewe hadi mlangoni. Jirani atakuambia umpake mafuta ya taa. Fundi gari atakupa oili chafu kwenye kopo. Mama wa genge atasema ndimu, shemeji atasema siki, na aliyerudi juzi kutoka kijijini ataapa kwamba hakuna kinachoshinda maji ya mwarobaini yaliyolala usiku kucha. Kila mmoja ana mbwa wa kumtolea ushahidi, na kila mmoja anasema kweli kwa kiasi fulani, maana jioni ile ile mbwa alilala bila kujikuna. Kilichonitia shaka, baada ya miaka ya kuishi na wanyama ndani ya nyumba, ni kwamba dawa hizi zote hurudiwa. Dawa inayosifiwa kuwa imemaliza viroboto, halafu ikahitajika tena wiki mbili baadaye, haijamaliza kitu. Tena zote zinafanana kwa jambo ambalo wenye kuzisifu hawalitaji: zinapakwa mnyama. Ninachotaka kusema ni kwamba kiroboto tunayemwona kwenye manyoya ni mwakilishi tu wa ukoo ulioko sakafuni, na kwa hiyo dawa ya nyumbani ipimwe kwanza kwa kile inachofanya chini ya kochi, kwenye nyufa za sakafu na kwenye gunia analolalia mbwa. Zikipimwa hivyo, nyingi ya zile maarufu zinaanguka. Zinazobaki ni za bei ndogo mno, na hazina mpiga debe kwa sababu zinauma mgongo.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Kiroboto anayesumbua mbwa na paka karibu dunia nzima ni wa aina moja, Ctenocephalides felis, kiroboto wa paka, ambaye pamoja na jina hilo hambagui mbwa, mbuzi wala mguu wa mwenye nyumba. Jike akishapata damu huanza kutaga ndani ya siku moja au mbili, na akishakolea anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayagandi kwenye unywele kama ya chawa. Ni laini na yanateleza; mbwa akijitikisa yanamwagika pale alipo, na pale anapokaa zaidi ndipo yanapojaa. Geuza gunia lake mchana mahali penye mwanga, utaona chembechembe nyeupe zimechanganyika na nyeusi. Nyeupe ni mayai, kila moja likiwa na urefu wa kama nusu milimita. Nyeusi ni kinyesi cha viroboto wakubwa, na kwa hakika ni damu ya mbwa wako iliyokauka. Ziokote kwa kitambaa cheupe kilichoroweshwa, subiri kidogo, na wekundu utaanza kutambaa kwenye kitambaa kuzizunguka. Kipimo hiki kinashinda kumtafuta kiroboto mwenyewe, ambaye paka hodari anaweza kumlamba na kummeza kabla hujamwona. Damu hiyo kavu ndiyo chakula cha mabuu. Buu ni jeupe, halina miguu, lina vinywele vya kuhesabika, na ukilitazama vizuri utaona mstari wa rangi ya damu umepita katikati ya mwili: ni utumbo ulioshiba. Halipendi mwanga, ukifunua gunia linajipinda na kuzama kwenye nyuzi. Wataalamu wa wadudu wana makadirio ya jumla kwamba katika nyumba iliyovamiwa viroboto wazima ni kama asilimia 5 tu, na asilimia 95 iliyobaki ni mayai, mabuu na pupa. Mwenye kummwagia mbwa ndimu amekwenda vitani na asilimia 5, na hapo ni kama ndimu ingekuwa inaua.

Pupa ndiye anayetupotosha wote. Buu likishakua hujisokotea kifuko cha hariri chenye kunata, vumbi na mchanga vinakigandia, na kuanzia hapo hata mwenye macho makali hakioni. Ndani yake kiroboto anakamilika kwa siku chache, lakini si lazima atoke. Anaweza kungoja wiki, na mazingira yakimruhusu, miezi, mpaka apate ishara kwamba chakula kimefika: joto la mwili, mtikisiko wa hatua, hewa ya pumzi. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa wakati wa likizo hupokea wenyewe kwa mashambulizi ya miguuni siku ile ile ya kurudi, na watu wakadhani kuna mtu amewaletea viroboto. Kifuko kile hakipitishi sabuni, moshi wala maji ya majani, na dawa nyingi za kupulizia za dukani zinakigonga bila kuingia. Matokeo yake ni kwamba kazi nzuri kabisa inaweza kufanyika leo na viroboto wapya wakaonekana keshokutwa, wakiwa wametoka kwenye vifuko vilivyokuwepo kabla ya kazi kuanza. Hapo mwenye nyumba huvunjika moyo na kuacha njia iliyokuwa sahihi. Upande wa pili, mbwa akioshwa kwa chochote kile, hata kwa maji na sabuni ya mche peke yake, viroboto wengi waliokuwa mwilini wanazama, na kama kwenye ndoo kulikuwa na siki, sifa zote zinakwenda kwa siki. Huo ndio ushahidi unaoletwa barazani kwa karibu kila dawa, ushahidi wa jioni moja. Anayetaka kujua kweli kama jambo fulani linafaa alifanye bila kukatiza kwa miezi miwili au mitatu, kisha ndipo atoe hukumu.

Sisemi mnyama aachwe alivyo. Viroboto alionao wanamnyonya, na kwa mtoto wa mbwa au wa paka hili ni suala la uhai: imepimwa kwamba majike 72 wanaweza kunyonya mililita 1 ya damu kwa siku, na kitoto cha paka cha wiki chache hakina damu ya kugawa. Fizi zake zikiwa zimepauka badala ya kuwa na rangi ya waridi, hapo si wakati wa majaribio ya jikoni tena. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kwa aliyekwisha kukua, silaha za mwilini ni mbili, sabuni na kitana. Sabuni ya kawaida isiyo kali inafanya kazi kwa sababu inavunja ule utando wa juu wa maji ambao kiroboto huelea juu yake. Akitumbukia kwenye maji matupu anaweza kuogelea na kuruka, akitumbukia kwenye maji ya povu anazama. Anza na shingo. Jipake povu zito mkononi, mzungushie mbwa pete ya povu nyuma ya masikio, ndipo ushuke mgongoni, la sivyo viroboto wote watapanda kichwani kukimbia maji, wakajificha masikioni na puani, mahali usipoweza kusugua. Kitana kiwe kile cha meno yaliyobanana cha kutolea chawa, kipitishwe hasa kiunoni karibu na mkia na chini ya kidevu, na kila kikipita kichovywe kwenye bakuli la maji ya sabuni. Wengi hupenda kumminya kiroboto kwa kucha ili wasikie akipasuka. Raha yake naifahamu, ila tumbo la kiroboto ndimo wanamokaa minyoo na vijidudu, na bakuli la sabuni linamaliza kazi ile ile bila kukuchafua vidole. Kwa paka, ambao wengi wao kuwaogesha ni ugomvi, kitana kila siku kinatosha kuchukua nafasi ya josho.

Kazi yenyewe iko chini. Gunia, mkeka, matambara na foronya alizolalia mnyama vifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, ya moto kweli, yale ambayo mkono hauyavumilii, kisha vianikwe juani mpaka vikauke kakakaka. Mayai na mabuu yanahitaji unyevunyevu; hewa ikiwa kavu, chini ya asilimia 50 ya unyevu, mabuu yanakufa. Kwa hiyo wa Dodoma wakati wa kiangazi ana msaidizi ambaye wa Tanga, Mombasa na Unguja hana, kwa kuwa pwani hewa haikauki namna hiyo karibu mwaka mzima, na anayeishi huko hana budi kulitafuta jua na kulileta kwenye matandiko badala ya kungoja hewa imsaidie. Uwanjani mambo ni hayo hayo. Palipochomwa na jua mchana kutwa buu haliishi. Linaishi chini ya uvungu wa gari bovu, chini ya ngazi, nyuma ya tangi la maji, kwenye mchanga wa kivulini mbwa anapojichimbia wakati wa joto. Hapo ndipo pa kufagia na kukwangua. Ndani, kila siku fagia pembeni na chini ya viti, mahali ambapo mfagiaji wa haraka hapafiki, na takataka zichomwe au zifungwe mfukoni, zisiishie nyuma ya mlango. Mwenye zulia ana kazi kubwa kuliko mwenye saruji, na mwenye sakafu ya udongo ana kazi kubwa kuliko wote, maana kila ufa ni chumba cha kuleleamo. Kukandika nyufa hizo upya kwa udongo laini, kama bibi zetu walivyokuwa wakifanya kabla ya sikukuu, ni dawa ya viroboto isiyowahi kuitwa dawa. Majivu makavu nayo yana hoja: yananyonya ule utando wa nta unaozuia mdudu asikauke, kwa njia ile ile yanavyofukuza fukusi kwenye mahindi, na ndivyo unavyofanya kazi unga wa mwamba kama ule unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, Kenya. Yanyunyizwe kwenye nyufa, yaachwe siku moja, yafagiliwe polepole kwa sababu vumbi laini si rafiki wa mapafu. Mnyama asipakwe, majivu yakilowa yanachoma ngozi.

Sasa tuje kwa mafuta ya taa na ndugu zake. Pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba wazee wetu walipaka na mbwa wao hawakufa. Wengine hawakufa, ni kweli. Lakini mbwa aliyepakwa Jumatatu akaanza kukohoa Jumatano na kufa mwishoni mwa wiki, hakuna aliyeandika kwamba ameuawa na mafuta. Alisemwa amekula sumu ya panya, au ameonewa na jirani. Mafuta ya taa yanachubua ngozi, na ni mepesi mno kiasi kwamba mnyama akiyalamba huteleza kwa urahisi hadi kwenye mapafu na kuleta nimonia. Paka hujilamba kutwa nzima, hivyo ukimpaka ni sawasawa na kumnywesha. Oili chafu ina mabaki ya madini na masizi ya injini. Ugoro na maji ya tumbaku vina nikotini, ambayo kweli inaua wadudu, na inapita kwenye ngozi ya mbwa pia. Kitunguu saumu, kinachopendekezwa kuchanganywa kwenye chakula ili damu iwachukize viroboto, kinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Yaani tunampa mnyama aliyeishiwa damu kitu kinachompunguzia damu. Halafu kuna dawa ya josho la ng'ombe, inayopimwa kwa kizibo na kumiminwa kwenye chupa ya soda isiyo na maandishi. Mojawapo inayotumika sana, amitrazi, inaua kupe vizuri na kwa viroboto haina kazi ya maana, wakati kwa paka ni hatari. Mtu anajiingiza kwenye hatari kubwa kumuua mdudu ambaye dawa ile haimlengi.

Hapa ndipo watu wa asili na watu wa dukani huanza kugombana, nami nadhani wote wamechora mpaka mahali si pake. Angalia pareto. Ni ua. Limelimwa Kenya tangu miaka ya 1920, na kwa miongo kadhaa nchi hiyo iliongoza dunia kulizalisha. Tanzania linalimwa Iringa, Mbeya, Njombe na kwingineko penye baridi. Unga wake unaua viroboto kwa kuvuruga mishipa yao ya fahamu, na kwa binadamu na mbwa una usalama wa kutosha ukitumika kwa kipimo. Udhaifu wake ni mwanga: jua likiupiga unakwisha nguvu haraka. Wanakemia wakaiga umbo la sumu hiyo ili idumu, na mwaka 1973 kundi la Michael Elliott huko Rothamsted, Uingereza, likatangaza permethrini, inayostahimili jua kwa siku nyingi. Mbwa anaivumilia. Paka, ambaye ini lake halina uwezo wa kuivunja, hutetemeka, hupata degedege na anaweza kufa kwa matone machache yaliyokusudiwa mbwa wa nyumba hiyo hiyo. Kwa upande mwingine kuna utupa, mmea wa porini usioguswa na kiwanda chochote, ambao umetumika vijijini kuogeshea mifugo na ambao ukiingia mtoni samaki wanaelea. Kwa hiyo neno asili halikuambii kama kitu ni salama, wala lebo ya kiwanda haikuambii kama ni hatari. Vinavyokuambia ni kipimo, aina ya mnyama, na kama ataweza kukilamba.

Mwarobaini unastahili maelezo yake, kwa sababu ndio wenye wafuasi wengi na kwa sababu una kitu kweli. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu wa Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nchini Sudan nzige wakipukutisha kila mti na kuuacha mwarobaini, na kuanzia hapo utafiti ukafunguka. Kiini chake, azadirakitini, kiko zaidi kwenye mbegu kuliko kwenye majani, na kazi yake kubwa ni kuvuruga homoni za mdudu anayekua hata ashindwe kujivua gamba. Lakini kiroboto aliye mgongoni mwa mbwa amekwisha kukua, hana gamba tena la kujivua. Uchungu na harufu huenda vikamkera kwa saa kadhaa. Azadirakitini yenyewe haina la kumfanya kubwa. Anayejivua magamba ni buu, na buu liko kwenye gunia. Mwenye kupenda mwarobaini basi asiutupe; aponde mbegu, aziloweke, na maji yake ayanyunyize kwenye kona za banda na nyufa baada ya kufagia, pasiwe pabichi kwa siku nyingi. Kumwogesha mbwa kwa maji ya majani hakumdhuru kwa kawaida, ila ni kuipeleka dawa kwa yule asiyeihitaji. Mafuta ya mbegu yaliyokolea yasipakwe paka.

Kuna pingamizi lenye nguvu kuliko hayo yote: kwa nini usumbuke, wakati duka la dawa za mifugo lina matone ya shingoni na vidonge vinavyomaliza mambo? Nakubali kwamba dawa hizo, zikiwa halisi na zikitolewa kwa uzito wa mnyama, zinashinda chochote kilichoko jikoni. Zinafanya hivyo kwa sababu zinageuza mwili wa mbwa kuwa mtego: kiroboto anayetoka kwenye kifuko anapanda na kufa kabla ya kutaga, na polepole hazina ya sakafuni inakauka. Mwenye uwezo anunue, awape wanyama wote wa nyumba siku moja, na asome kama ni ya mbwa au ya paka. Ila nyumba nyingi zina mbwa wawili wa ulinzi, paka watatu wasio na hesabu kamili, na bajeti ya mwezi ambayo haina fungu la mbwa. Kumpa mmoja na kuwaacha wanne ni kumwaga pesa. Hata aliyewapa wote atawaona viroboto kwa wiki kadhaa asipofagia, kwa sababu ile ile ya pupa, naye atarudi dukani kulalamika kwamba ameuziwa dawa feki. Ukilazimika kuchagua kati ya chupa moja ya bei ghali na miezi mitatu ya kufua matandiko bila kuruka wiki, naona ufuaji ni fedha iliyotumika vizuri zaidi, isipokuwa kwa watoto wachanga wa wanyama.

Wapo wanaojibu kwamba mbwa ni mbwa na viroboto ni kawaida yake. Hawa hawajafikiria nani mwingine analala katika nyumba hiyo. Buu la kiroboto hula mayai ya mnyoo tegu; mbwa akimmeza kiroboto wakati wa kujitafuna, mnyoo anakulia tumboni mwake, na vipande vyake vyeupe vinaonekana vikitembea chini ya mkia. Mtoto anayetambaa akimmeza kiroboto kwa bahati mbaya naye hupata. Funza anayeingia miguuni ni kiroboto pia, mgeni kutoka Amerika ya Kusini aliyeshuka Ambriz, Angola, mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazili, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amelikata bara zima hadi mwambao wetu. Mbwa na nguruwe humbeba, na vumbi la sakafu ya udongo ndilo analokulia. Na Lushoto, tauni iliyozuka mwaka 1980 ilirudi na kurudi kwa zaidi ya miaka 20, ikaugusa maelfu ya watu. Kiroboto wa paka si msambazaji hodari wa tauni, hiyo ni sifa ya viroboto wa panya, lakini paka anayewinda panya huwaleta nyumbani, na sakafu inayolea aina moja haikatai nyingine. Palipo na historia hiyo, panya wakianza kufa ovyo ndani ya nyumba wasishikwe kwa mkono, na zahanati iarifiwe kabla mtu hajafagia.

Kwa mbwa wa nje, anayelala uani, gunia lenyewe ndilo la kuondoa. Chaga ya mbao iliyoinuliwa kidogo juu ya ardhi, mbao zikiachana kwa upana wa kidole ili mayai yadondoke chini, na chini yake saruji au udongo ulioshindiliwa ambao fagio linaupita, humpunguzia buu mahali pa kujificha kuliko tambara lolote. Mlango wa banda uelekee mashariki ili jua la asubuhi liingie mpaka ndani. Wakati wa baridi au mvua akihitaji tandiko, apewe majani makavu yanayochomwa kila wiki na kuwekwa mengine. Paka wa mtaani wanaopanda darini hawatazuilika, na watadondosha mayai yao humo. Basi angalau masalia ya samaki yasiachwe nje usiku.